Wachawi wa Kisomo cha Alasiri

Nimestaafu, na kabla sijamaliza hata kupanga vyombo vyangu hapa Milanzi, vijana wa idara wameshakuja kunisumbua. Wanataka niandike nilivyofanya kazi ili na wao wajifunze. Niliwaambia kuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima hana kazi ya kuandikwa, kazi yake ni kubembeleza watu waliochoka. Wakajibu, "Mama, basi tuandikie hiyo hiyo ya kubembeleza." Haya. Lakini kama mnangoja nieleze nilipandaje cheo, fungeni madaftari mwende zenu. Mimi nitawaeleza habari za wachawi.

Ndiyo, wachawi. Niliwafundisha kusoma na kuandika, nikawafundisha na kurusha radi, na katika miaka yangu yote ya utumishi hakuna kazi iliyonifurahisha kama hiyo. Mpaka leo nikiikumbuka nashindwa kukaa kitini.

Nilitoka kwetu Mbeya nikiwa msichana mwenye cheti kipya na sanduku la bati. Kutoka Tunduma nilipanda juu ya magunia ya chumvi, katika lori la familia moja ya Kiislamu yenye maduka pale Sumbawanga mjini. Dereva aliniuliza, "Dada, sweta unalo?" Nikamjibu kwamba mimi mtu wa Mbeya, baridi nimezaliwa nayo. Hakubisha. Tulipofika uwanda wa juu upepo ulinichapa mpaka meno yakawa yanagongana, naye akasimamisha gari akanirushia koti lake la mvua. Kwa hiyo somo la kwanza ndilo hilo: mkipangiwa Ufipa, bebeni sweta.

Kijiji nilichopewa kilikuwa kipya, kando ya barabara ya kwenda Msanzi. Ilikuwa ni wakati ule wa kuhamia vijijini. Watu walikuwa wametolewa kwenye vitongoji vyao, wengine wamepandishwa kutoka Bonde la Rukwa, wakapangwa kwenye mistari ya nyumba ambazo udongo wake haujakauka. Jirani humjui, na mbuzi wako akifa, wa kwanza unayemtazama kwa shaka ni jirani. Darasa letu lilikuwa ghala la mahindi ambalo mahindi yake yalikuwa hayajaja bado. Madirisha yalikuwa matundu tu.

Siku yangu ya kwanza niliandika ubaoni neno "jembe", kama kitabu cha kwanza kilivyoelekeza. Nilipogeuka, nusu ya darasa ilikuwa imelala. Msiwalaumu. Wametoka shamba la kijiji, wamepiga matuta tangu asubuhi, halafu kibinti cha Mbeya kinawaonyesha jembe. Mzee Fidelis, aliyekuwa mkubwa kuliko wote darasani, alifumbua jicho moja akaniambia, "Mwalimu, hilo nimelishika tangu alfajiri. Huna lingine?"

Niliondoka pale nikiwa nimekufa moyo kabisa. Aliyenifufua ni mwenzangu, Mwalimu Desderi, Mfipa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amesoma seminari akaiacha njiani, na ukimwuliza kwa nini, alijibu kwamba maharage yalikuwa hayaivi. Alinisikiliza nilivyolalamika, akamaliza kuvuta kiko chake, akaniambia, "Mwalimu Subilaga, hawa ukiwapa jembe watalala. Wape ngome."

Nilidhani amechanganyikiwa. Alichukua mfuko mtupu wa saruji, akauchana, akaukunjua ukutani, na kwa mkaa akaanza kuchora. Alikuwa na picha moja aliyoikata kwenye kalenda ya misheni, jengo la mawe lenye minara, lililozungukwa na maji pande zote. Hilo akalichora katikati. Pembeni akaweka milima, pori, daraja na pango la joka. Akasema huu ni Ufalme wa Kitumba, na kwamba mfalme wake, mtu mbaya sana, ameifungia mvua ndani ya ngome, na watu wetu wa kisomo ndio watakaokwenda kuikomboa.

Mchezo ulikwenda hivi. Kila mwanakisomo alikuwa mtu fulani katika ufalme ule, mwenye jina alilolichagua mwenyewe. Desderi alisimulia wako wapi na wamekutana na nini, kisha akamwuliza kila mmoja, "Wewe unafanyaje?" Kama ni jambo gumu, mchezaji alirusha punje nne za mahindi kwenye sahani ya bati. Kila punje tulikuwa tumeiunguza upande mmoja kwa kaa la moto. Zikionyesha nyeusi tatu au zote nne, umefaulu. Chini ya hapo, pole yako. Zamu moja, mrusho mmoja, na hapo Desderi alikuwa hana mswalie mtume. Akina mama wajawazito walimlilia, wazee walimtishia, mwenyewe anatikisa kichwa tu.

Ila wote walianza kama askari wa mkuki. Aliyetaka kupanda, ilibidi aingie Kikosi cha Fimbo, yaani wachawi wa vita, wateule wa ufalme, wanaotangulia mbele pale ambapo mkuki haufui dafu. Na mlango wa Kikosi ulikuwa mmoja tu: uchawi wako tumeuandika kwenye kipande cha boksi la sabuni, na lazima uusome mwenyewe, kwa sauti, mbele ya adui. Usipoweza kuusoma, baki na mkuki wako.

"Mwalimu," nilimwambia, "mchawi? Neno hilo? Hapa?"

"Hapa hapa," akasema. "Nitafutie neno wanaloliogopa zaidi ya hilo. Mtu anayeogopa kitu hasinzii."

Hakusinzia mtu. Jamani, laiti mngeliona darasa lile. Wiki ya kwanza walikuwa wanacheka cheka kwa aibu. Baadaye tukawa tunawakuta wametutangulia, wamekaa kwenye magunia, jembe mlangoni, matope miguuni, wanabishana kuhusu njia ya kupita kwenye pango. Mzee Fidelis ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaribu kuingia Kikosi. Joka lilikuwa mbele yake, kipande chake cha boksi kimeandikwa "moto". Akakikodolea macho, jasho linamtoka, akasoma, "Mtoto."

Desderi hakucheka. "Sawa," alisema. "Mtoto ametokea. Analia. Joka limesikia."

Darasa zima lilianguka. Yule mzee alikwenda nyumbani amenuna, lakini mkewe alituambia kwamba alishinda mlangoni akichora herufi mavumbini kwa kijiti, akifuta, akichora tena. Aliporudi alisoma "moto" kwa sauti iliyowakimbiza mbuzi wa nje. Punje tatu nyeusi. Joka likaungua. Mimi, mwalimu mzima, niliruka nikamkumbatia mzee wa watu, halafu nikakumbuka adabu, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mkono ungali hewani na fimbo yake.

Nawaambieni siri ya kazi: hatukuwa tunafundisha tena, tulikuwa tunafukuzana nao. Mtu alitaka uchawi wa kugandisha mto, basi aujue "ganda" na "mto". Mwingine alitaka kugeuka tai. Walisoma maboksi ya viberiti dukani, walisoma magunia ya mbolea. Restituta, mke wa mgambo wa kijiji, alikuwa anamdanganya mumewe kwamba anakwenda kuni, kwa sababu Gaudensi, huyo mumewe, alishasema mwanamke akijua kusoma ataanza kusoma mifuko ya mumewe. Restituta aliingia Kikosi akiwa mchawi wa kamba, anayefunga watu kwa kuwatazama. Nilikuwa naelewa kwa nini alichagua huo.

Sasa nifike kwa Mama Yustina. Kila mwalimu ana mwanafunzi mmoja ambaye akifumba macho anamwona, na wangu ni huyu.

Alikuwa mjane aliyepandishwa kutoka bondeni na binti yake mdogo, Yustina, akapewa nyumba ya mwisho kwenye mstari. Alikuwa mwembamba, mkimya, na macho yake hayakukwepa macho ya mtu. Kijijini kwetu hayo matatu yalitosha. Mtoto wa jirani aliugua homa, wakamtazama yeye. Ng'ombe alikosa maziwa, wakamtazama yeye. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini kisimani walimpisha kwa heshima isiyo ya heshima. Darasani alikaa pembeni, akicheza askari wa mkuki asiyesema, miezi na miezi. Ukimwuliza, "Wewe unafanyaje?" anajibu, "Nafuata wenzangu."

Nilikuwa najua kwamba ameshajua kusoma. Nilimwona midomo ikienda mbele ya wote. Siku moja nilimfuata nje nikamwuliza kwa nini haombi kuingia Kikosi.  "Mwalimu," alisema, "wao wakijiita wachawi wanacheza. Mimi nikijiita, nani atacheka?"

 Nikampelekea Desderi swali lile.  Naye alisema, "Basi aamue mwenyewe. Tusimsukume."

Aliamua siku ambayo Kikosi kilikuwa kimekwama. Walikuwa wamefika chini ya ukuta wa ngome, mishale inanyesha, Mzee Fidelis ameumia, Restituta amebaki peke yake na kamba zake, na kila mtu aliyerusha punje alipata nyeupe tupu.  Kisha kutoka pembeni tukasikia, "Nipeni mimi boksi." Alikichukua kipande akakisoma bila kusita: "Mawe, nifungulieni." Akarusha. Nne nyeusi. Ukuta ukafunguka, na darasa zima lilisimama, wanapiga kelele, wanapiga madebe, na mtu mmoja, sitamsahau, alimpiga Mama Yustina begani kama unavyompiga rafiki. Yeye mwenyewe alicheka. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake.

Toka hapo Kikosi kilikuwa chake. Kumbe kichwa chake kilikuwa kimejaa mipango. Alikuwa anapanga nani apite wapi, nani ajifanye amekufa, nani aimbe ili walinzi wageuke. Wale wale waliompisha kisimani walikuwa sasa wanamngojea njiani kumwuliza, "Mama, ile zamu ijayo tufanyeje?" Nilikuwa narudi nyumbani natembea kama napaa.

Tukafika chumba cha mfalme. Alasiri hiyo hakuna aliyekohoa. Restituta alishamfunga mfalme miguu. Ilikuwa zamu ya Mama Yustina, na alisimama, mkono mbele, akasema kwa sauti yake yote, "Mimi ndiye mchawi niliyepita ukutani. Walinzi wote nimewalaza. Sasa naweka mkono kifuani mwako, naung'oa moyo wako."

Filimbi ikalia dirishani. Gaudensi mgambo alikuwa anapita nyuma ya ghala na gobole lake begani. Aliyoyaona ni chumba chenye giza, watu wametoa macho, na yule mjane wa nyumba ya mwisho akitamka kwa kinywa chake kwamba yeye ni mchawi na anang'oa moyo. Mkewe hakumwona, Restituta alikuwa ameshajitupa nyuma ya magunia. Gaudensi alikimbia moja kwa moja mpaka kwa Mwenyekiti wa kijiji, na Mama Yustina akaketi chini na punje mkononi, hajazirusha.

Kesho yake kijiji kilikuwa kinachemka. Wengine walitaka arudishwe bondeni siku hiyo hiyo. Vijana wachache walizungumzia kiberiti na nyasi za paa. Mahindi yake yalikuwa yamekomaa shambani, bado kidogo tu yavunwe, na kama angeondoka, yeye na Yustina wangeondoka mikono mitupu kwenda mahali ambako nyumba yao ilishabomolewa. Nilimkuta amefunga nguo kwenye kitenge. "Usiniombee," aliniambia. "Nimeshahama mara moja. Najua kuhama." Lakini fundo la kitenge alilifunga akalifungua tena, na mimi nililia mbele yake, jambo ambalo chuoni walitukataza.

Mkutano wa kijiji ulifanyika asubuhi iliyofuata, kwenye uwanja mbele ya ofisi. Watu walijaa mpaka barabarani. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki lakini mwoga wa watu wake. Desderi alieleza kwamba ule ni mchezo wa kujifunzia kusoma. Mtu wa nyuma akauliza, mchezo gani wa kung'oa mioyo? Wakamshangilia. Desderi akakaa. Nilisimama mimi, wakasema huyu wa Mbeya anajua nini.

Mwenyekiti akamgeukia. "Mama Yustina, ulisema wewe ni mchawi, au hukusema?"

"Nilisema," akajibu.

Uwanja uliingia baridi. Nikamwona mama mmoja akimvuta mtoto wake nyuma.

"Ulisema utamng'oa mtu moyo?"

"Mfalme. Nilisema. Na ningeung'oa, kama Gaudensi asingepiga filimbi."

Hapo ndipo sauti ilipotoka upande wa wanawake. "Na mimi ndiye niliyemfunga miguu." Alikuwa Restituta. Amesimama, kanga imemdondoka begani.  "Mimi ni mchawi wa kamba wa Kikosi cha Fimbo," akaendelea. "Mume wangu, zile kuni nilizochelewa nazo, nilikuwa vitani."

Kwanza hakuna aliyecheka. Nataka mwelewe ilikuwa na maana gani, katika uwanja ule, mke wa mtu kutamka neno lile juu yake mwenyewe. Kisha Mzee Fidelis akajikongoja juu. "Na joka la ufalme ule, nililiunguza mimi," alisema. "Mara ya kwanza lilitoka mtoto, lakini hiyo tuiache." Kicheko kikaanzia kwa wanakisomo, kikavuja kwa wengine. Na mwingine akasimama, aliyegandisha mto, na mwingine, aliyegeuka tai, na yule tai alikuwa balozi wa nyumba kumi. Nilikuwa nimeshika mkono wa Desderi naubana mpaka akalalamika.

Mwenyekiti aliinua mkono watu wanyamaze. Nilingoja aseme lolote, ila si lile alilosema. Aliinama mbele, akauliza, "Sasa huyo mfalme alikufa?"

"Hajafa," Mama Yustina alisema. "Sijarusha."

"Basi rusha tuone."

Sahani ya bati ililetwa. Punje alikuwa nazo, hakuwa ameziachia. Watu walisogea, watoto wakapanda mabegani, Gaudensi mwenyewe akasukuma watu apate mahali. Desderi alieleza kwa sauti yake ya chini: tatu nyeusi mfalme amekufa na mvua imefunguka, chini ya hapo, yu hai. Mama Yustina akafumba macho, akarusha.

Mbili nyeusi. Mbili nyeupe.

Uwanja mzima ulitoa mguno mmoja, mguno wa watu waliofiwa. "Aaa, punje ya mwisho imegonga ukingo!" Gaudensi alipiga kelele. "Imegonga ukingo, hiyo haihesabiwi." Wengine wakadakia. Wale wale waliozungumzia kiberiti walikuwa wanataka arudie, na Mwenyekiti akasema, kwa amri ya mkutano, "Arudie."

"Hapana," Desderi alisema. "Zamu moja, mrusho mmoja. Zamu yake nyingine ni Alhamisi."

Mwenyekiti alimtazama Desderi, akamtazama mjane, akautazama umati uliokuwa unanung'unika kwa uchungu juu ya mfalme wa karatasi. Alikuna kidevu. "Basi mkutano umeahirishwa mpaka Alhamisi," alitangaza, "na asiwepo mtu wa kumgusa huyu mama kabla hajarusha."

Tulirudi naye njia moja. Tulipofika mlangoni kwake akaniuliza, "Mwalimu, ningezipata zote nne pale mbele yao, wangecheka?" Nilifikiri. Nikamwambia sijui. Hata leo, mstaafu, sijui.

Alhamisi ghala halikutosha. Mwenyekiti alikaa mbele na kibao cha kuandikia, amejiandikisha askari wa mkuki. Mama Yustina alirusha, zikaja nyeusi tatu, mfalme akafa, na aliyeruka juu kuliko wote ni Gaudensi, mkewe kamshika mkono. Ajenda ya mkutano ulioahirishwa hakuna aliyeikumbusha. Juma lililofuata nilipita shambani kwa Mama Yustina, nikamkuta anavuna mahindi yake, na wanawake wa kisimani wamejipanga mistari naye, wanavunja na kutupa kwenye vikapu, wanambishia kwa sauti kuhusu ngome inayofuata.